Mbolea ya Marehemu Shosho

Maitu,

Hiyo kufuli niliyokutuma Thika haina haraka. Kufuli ya sanduku tunayo, iko kwa droo ya mama yako pamoja na funguo zake mbili. Nilitaka tu utoke hapa nyumbani kidogo, kwa sababu ukiwa karibu siwezi kuandika. Utauliza, "Baba, unaandikia nani?" na mimi nitasema naandika mambo ya maziwa, na huo utakuwa uongo mwingine juu ya ule ninaotaka kuutoa leo. Sasa ni saa kumi jioni. Najua ukifika Thika lazima upitie kwa rafiki yako yule wa nywele, kwa hivyo nina nafasi.

Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha na kutokula vitu vya barabarani, mama yako ameshakuambia, tena mara nne kwa hesabu yangu. Sirudii. Jua la Kitui utaliona mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, na limenikwama kooni miaka mitatu.

Unajua kwa nini nakuita maitu. Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu, Wanjiku, kama inavyotakiwa, na tangu siku hiyo mimi mtu mzima na ndevu zangu nakuita mama. Ukinikasirikia ulipokuwa mdogo nilikuwa nasema, "Leo maitu amekasirika, mimi nalala na ng'ombe," na wewe unacheka mpaka unakaa chini. Basi leo naongea na nyinyi wawili, wewe na yule aliyelala kule chini karibu na ua wa miba ya kayaba. Yeye hawezi kunijibu. Wewe utanijibu, na nimejiandaa.

Unakumbuka mwezi uliopita ulipoleta barua ya kazi ukaisoma kwa sauti pale mezani? Kwamba utaandikisha wakulima huko Kitui ili wapate mbolea ya bei nafuu ya serikali. Mama yako alipiga ngemi, vigelegele vya kwetu, mpaka mbwa wa jirani akajibu. Halafu wewe ukasema, mdomo umejaa chapati, "Baba, mimi nitaanza na wamama wanaolima na hawana karatasi. Watu kama tata Wairimu." Mimi nikainuka nikasema naenda kufunga ng'ombe. Maitu, ng'ombe alikuwa amefungwa. Nilisimama pale kwa zizi nikimwangalia, na yeye akiniangalia, mpaka uji wangu ukapoa.

Tata yako Wairimu unamjua kama dada yangu mdogo anayeuza mboga Kiuu, anayekuletea ndizi na kukushika mashavu. Lakini kuna mambo yake huyajui. Ndoa yake ilipovunjika alirudi hapa Theta na watoto wawili na sufuria tatu. Mama yangu alikuwa bado hai. Alimshika mkono akampeleka kwa shamba la chini, ile ekari moja aliyokuwa akilima mwenyewe, akamwambia, "Hapa ni pako. Lima, ulishe watoto, na mtu asikutoe." Nilikuwa hapo, nimeshika jembe. Nilisikia kwa masikio haya mawili. Sikusema kitu, kwa sababu kwa mama yangu mtu hakuwa anasema kitu.

Mama akafa. Wairimu akaendelea kulima. Na wakati huo ndipo ploti zilipoanza kutukaribia. Kule Ruiru nyumba zilikuwa zimeshajaa, Membley watu wana mageti na maua, halafu zikaanza kutembea kuja huku kwetu. Mabroka wa ploti wakaja na viatu safi, wanasimama kwa ua, wananiuliza, "Mzee, hii ya chini unaitoa lini?" Nilikuwa nawafukuza. Lakini usiku, wiki moja baada ya nyingine, nikaanza kuliangalia lile shamba kwa macho yao. Nikaanza kusema moyoni, dada aliyerudi ni mgeni, mgeni huondoka.

Sasa ngoja nikuambie habari ya kitambulisho. Mama alipokufa, chifu alitaka kitambulisho chake ili karatasi za kifo zitengenezwe. Nikamwambia kimepotea. Nilikwenda mpaka kwa polisi nikaapa kwamba kimepotea, nikaandikiwa karatasi. Na kilikuwa ndani ya debe la mbegu za maharagwe, chini kabisa. Aki ya Mungu, siku hiyo hata sikujua nakificha cha nini. Wewe unanijua. Mimi ni yule mtu ambaye bado ana risiti ya jembe lililovunjika kabla hujazaliwa. Karatasi ikiingia mkononi mwangu haitoki. Simu yake pia niliiweka, ile kabambe yenye mpira wa kufungia betri.

Kisha serikali ikasema kila mkulima aandikishwe, apate mbolea kwa bei ya chini. Mimi nilikuwa mzee wa mtaa. Akaja karani kijana mwenye adabu, akawekewa hema kwa kiwanja cha kanisa, akakaa na tableti yake. Watu wakapanga laini. Anauliza jina, anauliza kitambulisho, anauliza ekari, halafu anageuka kwangu, "Mzee, huyu analima?" Nikisema analima, anabonyeza. Nikisema huyu aliuza, anapita. Siku nzima hakuona shamba hata moja. Aliona uso wangu tu, na nilikuwa nimenyoa vizuri.

Katikati ya asubuhi nikatoa kitambulisho cha mama na namba ya simu yake. Nikasema, "Huyu ni mama yangu mzazi, magoti hayamruhusu kufika." Karani akaniuliza kama analima. Nikacheka, kama mtu anayeulizwa swali la kijinga, nikasema, "Kijana, huyo alilima kabla babako hajazaliwa." Laini nzima ikacheka, hata wale waliokuja matangani. Walidhani nafanya mzaha na karani, na hakuna aliyeangalia ni jina gani linaandikwa. Mama alikuwa ameshamaliza mwaka mmoja na zaidi chini ya udongo.

Wairimu akafika saa sita. Alikuwa ametoka kupalilia, amenawa uso tu, mikono bado ina udongo mpaka hapa juu. Karani akamuuliza, "Mama, shamba yako iko wapi?" Akasema, "Huko chini, kwa maitu." Karani akanigeukia. Maitu, ilikuwa ni mimi tu. Neno moja. Nikamnong'oneza, "Hiyo shamba imeshaandikwa." Halafu nikamshika dada yangu bega, nikamwambia polepole kwa lugha yetu, "Sistimu imekataa."

"Imekataa aje?"

"Imekataa tu. Ni kompyuta."

Akaniangalia, akaangalia ile tableti. "Haya. Kama imekataa, imekataa." Akamshukuru karani, ati asante kwa kazi, akarudi kupalilia.

Usifikiri ilikuwa tamaa ya mbolea. Heri ingekuwa tamaa, tamaa ni ugonjwa unaojulikana. Niliogopa jina lake. Niliona kwamba jina la Wairimu likiandikwa na serikali juu ya ile ekari, hata kama ni kwa mbolea tu, kesho atakuwa na kitu cha kushika mkononi. Nilitaka jina la marehemu likae pale, kwa sababu marehemu hasumbui broka. Nilimtumia mama yangu kumfungia mtoto wake mlango. Nimeandika hiyo sentensi mara tatu nikifuta, sasa naiacha.

Siku ile simu ilipolia ulikuwepo. Ulikuwa umekuja likizo kutoka chuo, tunakula githeri. Kabambe ya Shosho ikalia kutoka kwa kabati, na wewe, wacha mbio, ukaifikia kwanza. Ukasoma kwa sauti, "Mkulima Wanjiku, mbolea yako iko tayari." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Baba! Serikali imenipa shamba na haikuniambia!" Nilikunyang'anya ile simu kwa nguvu, nikakuambia ni matapeli wa simu na uache ujinga. Ulinuna siku mbili. Nisamehe hiyo pia. Mama yako alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Nilikwenda Thika nikachukua mifuko. Aliyenihudumia alisoma kitambulisho, akaniuliza kama mama ni mgonjwa, nikasema ni uzee. Akaniambia, "Mungu akubariki mzee, wengine huwatupa." Nikabeba baraka yake na mifuko yangu nikarudi nyumbani. Na kwa sababu shetani hakosi heshima, nikachukua mfuko mmoja nikampelekea Wairimu. "Chukua, dada. Mimi nilipata, siwezi kukuacha."

Jumapili ile akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alikuwa na kile kitambaa chake cha kichwa cha bluu. Akasema, "Sistimu ilinikataa, lakini ndugu yangu hakunikataa." Kanisa likasema amina. Mchungaji akaniambia nisimame nipungie watu mkono. Na mimi nikasimama, maitu, nikapunga. Tangu siku hiyo siketi mbele kanisani. Wewe ulidhani ni masikio, ukaniambia niende hospitali.

Mfuko mmoja hautoshi ekari, na ulikuwa wa kupandia, si wa kukuzia. Mahindi yake yalifika magotini yakageuka manjano. Yangu, upande wa pili wa ua, yalikuwa mabichi, na nilikuwa nikipita pale asubuhi naangalia miguu yangu. Mwaka uliofuata hivyohivyo. Nilimpelekea mfuko, akanishukuru. Alikuwa anasema udongo umechoka, wa kupumzishwa. Akasema labda ni yeye hana mkono wa kulima. Alilima tangu akiwa na miaka saba, na mimi nilimwacha aamini hana mkono. Msimu wa tatu akafunga sufuria zake akaenda Kiuu, akapanga chumba kimoja, akaanza kuuza sukuma. Ukaniuliza mbona tata ameondoka. Nikakujibu, "Alichoka na shamba."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na ilinyooka kabisa, na kila mtu njiani alinisalimia. Hicho ndicho kitu ambacho hakuna mtu aliniambia.

Mara mbili nimekwenda Kiuu kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta akikata sukuma, kile kisu kinakwenda mbio, akaniwekea kiti cha plastiki. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mvua mwaka huu imechelewa." Tukaongea mvua saa nzima. Mara ya pili nilifanya mazoezi njiani, nikawa naongea peke yangu mpaka watu wakaniangalia. Nilipofika nikasema, "Mvua mwaka huu imezidi." Akanifungia sukuma kwa gazeti, akakataa kulipwa. Mzee mzima, anaogopa mwanamke wa kisu kidogo. Cheka, unaruhusiwa hapo.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana sikuketi kukulilia. Siku ile uliposoma barua yako, usiku nilimwambia mama yako yote. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, "Nilijua tangu siku ya simu. Nilikuwa nangoja uwe mwanaume." Hivyo tu. Ameniandalia shati kila asubuhi miaka mitatu huku akingoja. Asubuhi iliyofuata nilimpigia broka mmoja wa Ruiru niliyekuwa nimeanza kuongea naye, aliyekuwa ameshaleta mtu wa kupima, nikamwambia shamba la chini halitoki, na akija na kamba tena atakutana na mbwa.

Na juzi, Jumanne, nilitoa kitambulisho kwenye debe, nikapangusa vumbi la maharagwe, nikakipeleka kwa chifu. Akaniuliza, "Mzee Kamau, hiki kilipatikana wapi?" Nikasema hakikuwa kimepotea. Nikamweleza yote, nimesimama, sikukubali kiti. Akavua miwani. Akasema hajui kama jambo hili litaishia kwake au litakwenda kwa polisi, nirudi Jumatatu. Uzee wa mtaa nimeuacha hapo hapo mezani. Jumatatu nitarudi. Nimeshanyoosha suruali.

Ndiyo maana nakuandikia kabla hujaenda na si baada. Ukisikia huko Kitui watu wakisema baba ya karani wetu alikula mbolea ya marehemu, jua ni kweli. Usinitetee. Usiseme, "Baba yangu hawezi." Baba yako aliweza. Na ukikasirika, kasirika vizuri, usinifichie. Mimi nimeona kitu kikifichwa kinavyoota mizizi.

Kuhusu kazi yako nitasema kidogo tu, kwa sababu naijua ile meza kutoka upande mbaya. Utawekewa hema na kiti. Kando yako atasimama mzee, amenyoa vizuri, anachekesha laini, anajua kila mtu na mama yake. Atakuletea chai. Huyo ni mimi. Usimdharau, wengi wao ni watu wazuri kuliko mimi, lakini asiwe macho yako. Inuka utembee. Ukifika kwa shamba usiulize ni la nani, kila mtu ana jibu la hilo. Uliza maji ya mvua yanasimama wapi, na mawe yako wapi. Mwenye karatasi hajui. Anayelima atakupeleka mpaka kwa lile jiwe lililomvunjia jembe, na atalitukana mbele yako. Ningeulizwa hivyo juu ya shamba la chini ningetoka jasho. Wairimu angemwonyesha yule karani mawe yote kumi na moja, na moja amelipachika jina langu, kwa sababu ati ni kubwa na halitoki njiani.

Na lile neno la sistimu imekataa. Kuna siku itakataa kweli, mtandao ni mtandao. Lakini kabla hujalitoa mdomoni, angalia kando yako kwanza uone ni nani amefurahi.

Haya, sasa naanza kuhubiri. Kamau, funga mdomo.

Nakupenda, Wanjiku. Hilo pia nilipaswa kulisema zamani badala ya kukuuliza kila mara kama umekula. Nilipoona jina lako kwa ile barua ya serikali, likiwa limeandikwa sawasawa, jina la mama yangu kwa mtu aliye hai na anayetembea, nilihisi kama nimepewa nafasi ya pili ya kumtii. Nimeamua kuitumia. Siogopi Jumatatu. Ninachoogopa ni kesho asubuhi.

Tata yako anakuja saa moja kukuombea safari. Ameniambia kwa simu atakuja na ndizi, na kwamba asingekosa, hata kama ni kufunga meza ya mboga siku nzima. Tutakaa mezani, wewe, yeye, mama yako na mimi. Kabla ya maombi nimepanga kusema hivi: Wairimu, haikuwa sistimu, ilikuwa mimi. Shamba la chini ni lako kama maitu alivyosema, na Jumatatu nikienda kwa chifu nataka uje uandikishe jina lako, na nitalisema mbele ya kanisa lilelile lililoniambia nipunge mkono. Akitaka kunipiga na ile bakuli ya uji, usimshike mkono.

Hayo ndiyo mambo ninayotaka kusema. Lakini unanijua, na sasa unaijua historia yangu ya Kiuu. Kwa hivyo barua hii naiweka juu ya sanduku lako, uisome leo, na kesho uje nayo mezani ukiwa umeikalia. Uji ukimiminwa, uniangalie tu. Nikifungua mdomo nikaanza na mvua, itoe uiweke mbele ya tata yako. Anajua kusoma.

Baba yako,
Kamau